Kuyeyuka Pamoja Si Kuchanganyika: Niliyojifunza Kwenye Nguzo za Plastiki Dodoma

Plastiki mbili zinaweza kuingia kwenye mashine moja, zikayeyuka kwa moto mmoja, zikatoka kwenye kalibu moja zikiwa na rangi moja, na bado zikabaki mbili. Nimelijua hilo kwa kazi, katika karakana iliyoko Kizota hapa Dodoma, na naliandika kwa urefu kwa sababu vijana wengi sasa wanaanzisha shughuli za kurejeleza taka na wengi wao wanaamini kazi imekwisha pale vipande vinapogeuka uji. Hapo ndipo inapoanza. Uimara wa kitu cha plastiki mchanganyiko unaamuliwa mahali pasipoonekana kwa macho, kwenye mpaka kati ya plastiki moja na nyingine ndani ya kitu kilekile.

Sisi tunatengeneza nguzo za mizabibu. Asiyeijua Dodoma anaweza kushangaa, lakini mkulima wa Hombolo, Mpunguzi au Bihawana hahitaji maelezo. Mzabibu hutambaa juu ya waya, waya hushikwa na nguzo, na nguzo ya mti huku kwetu ina adui asiyechoka, mchwa. Unachimbia mti mkavu leo, misimu michache mbele unausukuma kwa mkono na unalala chini. Miti migumu inayohimili mchwa imepungua porini, na kuikata iliyobaki katika mkoa unaopata mvua kati ya Desemba na Aprili tu ni kujiumiza wenyewe. Plastiki hailiwi na mchwa wala haiozi. Malighafi nayo ipo kila kona: madumu ya mafuta ya kula, ndoo, mabeseni, viti vilivyovunjika, vizibo, sandarusi za unga na mbolea. Mifuko ya kubebea bidhaa ilipungua baada ya katazo la tarehe 1 Juni 2019, lakini nailoni za kufungashia bado zinaingia kwa wingi.

Niliajiriwa pale kuangalia ubora, nikiwa na kemia ya darasani na mikono isiyojua mashine. Utaratibu nilioukuta ulikuwa mwepesi: kinachoelea kwenye pipa la maji kinasagwa, kinakaushwa, kinaingia kwenye mashine. Nguzo zilitoka nyeusi, nzito, nzuri kwa kutazama. Kipimo kilikuwa kuilaza nguzo juu ya matofali mawili na mtu mzima kusimama katikati yake. Zilipita zote.

Kisha mzee mmoja wa Mpunguzi akaja na guta lililobeba nguzo zilizokatika. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakataa kiti.

“Mwanangu, mchwa hawakuzigusa, hapo mlisema kweli,” aliniambia. “Zimekatika nilipokuwa nakaza waya. Sasa wewe tazama humu ndani, kisha uniambie kama hiki ni kitu kimoja.”

Akachomeka ukucha ukingoni mwa kipande na kuvuta. Ganda la nje likabanduka utepe mrefu, jembamba, laini. Chini yake palikuwa na ganda jingine. Katikati kabisa palikuwa na chembechembe na vishimo vya kupitisha ncha ya kalamu.

Hakikuwa kitu kimoja. Spiriti na maji huchanganyika kwa sababu molekuli zake ni ndogo. Kila moja ina njia nyingi mno za kujipanga katikati ya nyingine, na maumbile hupendelea hali yenye njia nyingi. Molekuli ya plastiki ni mnyororo wa maelfu ya vipande vilivyoshikana. Kipande kimoja hakiwezi kwenda kokote bila kuwavuta wenzake, kwa hiyo faida ya kuchanganyika inakuwa ndogo sana, na hata kutopatana kidogo kati ya vipande vya aina mbili kunatosha kuzitenga. Paul Flory na Maurice Huggins, kila mmoja kwa njia yake huko Marekani, waliandika hesabu ya jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1940, na Flory alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1974 kwa kazi yake juu ya molekuli hizi kubwa. Hesabu hiyo nilikuwa nimeisoma na kuijibia mtihani. Nguzo ya yule mzee ndiyo iliyonifanya niielewe.

Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba dumu na sandarusi ni ndugu wa karibu. Dumu ni polithini ngumu, sandarusi ni polipropilini, na zote mbili ni kaboni na hidrojeni tupu. Tofauti yake ni tawi dogo la kaboni moja linalojitokeza kwenye kila kaboni ya pili ya mnyororo wa polipropilini. Tawi hilo tu linatosha zisikae pamoja. Zipo jozi zinazopatana hadi kwenye molekuli. Polistirini (plastiki ya vikombe vya mtindi na makasha ya sidii) na plastiki nyingine iitwayo oksaidi ya polifenilini, kwa mfano, huchanganyika kweli, na mchanganyiko wake umetumika kwa miongo mingi kwenye makasha ya vifaa vya umeme. Lakini jozi za namna hiyo ni chache, na si ndizo zinazotufikia kwenye viroba vya waokotaji.

Basi ndani ya nguzo, plastiki iliyo chache hujikunja kuwa matone ndani ya ile iliyo nyingi. Zikiganda, minyororo ya upande mmoja inakuwa imepenya upande wa pili kwa kina kidogo mno, hivyo mpaka karibu haushikwi na chochote. Ukivuta, mpaka unafunguka, pengo linazaliwa pembeni mwa tone, pengo linakutana na pengo la jirani, na ufa unatembea kutoka tone hadi tone. Polithini ngumu ikiwa peke yake hurefuka mara kadhaa ya urefu wake kabla ya kukatika. Polipropilini nzuri nayo hurefuka sana. Zikichanganywa bila msaada wowote, utepe hukatika kabla hata haujarefuka kwa robo.

Sasa hapa pana jambo linalowapoteza wengi, na ningependa msomaji mwenye karakana atulie nalo. Kipimo cha kusimama juu ya nguzo hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinapima kitu kingine. Ugumu wa kitu kupinda chini ya mzigo mdogo hautegemei sana hali ya mpaka. Kila plastiki inachangia ugumu wake kulingana na kiasi chake, na mchanganyiko unaangukia mahali fulani katikati. Kwa hiyo nguzo inapinda kidogo, inarudi, na kila mtu anaridhika. Mpaka unaanza kuhesabika pale kitu kinapovutwa mbali, kinapopigwa ghafla, au kinapokuwa na mkwaruzo wa kuanzia. Mkulima akikaza waya kwa mtarimbo anafanya hayo yote matatu kwa pamoja: anavuta, anashtua, na waya wenyewe unachimba mkwaruzo.

Tulibadilisha vipimo. Fundi jirani alituchomelea fremu ya chuma. Tunakata vipande vyembamba vya upana sawa, tunavibana juu, tunaning'iniza ndoo ya mchanga chini na kuongeza mchanga polepole hadi kikatike, tukipima urefu kabla na baada. Kingine tunakichanja kwa wembe, tunakibana kwenye jiriwa, tunakiangushia nyundo kutoka kimo kilekile kila mara. Vipimo hivi havina namba za maabara kubwa, lakini vinatofautisha mchanganyiko mzuri na mbaya, na ndicho tulichokihitaji. Baadaye nilianza kuutazama uso wa mvunjiko kwa lenzi ya fundi saa. Mvunjiko mzuri una nyuzi zilizovutika na weupe. Mvunjiko mbaya una vidonge vya mviringo vilivyong'oka safi na vishimo vilivyoachwa navyo, kila kimoja kikiwa na kuta laini, dalili kwamba hakuna kilichokuwa kimeshika.

Hatua iliyofuata ilikuwa kujua tunakula nini, maana mashine nayo hula. Maji peke yake hayatenganishi dumu na sandarusi kwa sababu zote zinaelea. Maji ni gramu 1 kwa kila sentimita ya ujazo. Polithini ngumu ni kama 0.95, polipropilini ni 0.90 hadi 0.91. Polistirini, 1.05, huzama, na PET ya chupa za maji, karibu 1.38, huzama haraka zaidi. Tulichokihitaji ni kimiminika kinachokaa katikati ya 0.91 na 0.95, na kanda yetu ya kati inacho kwa mapipa: mafuta ya alizeti, ambayo ni takriban 0.92. Ukitupa kipande cha ndoo ya polipropilini kwenye glasi ya mafuta ya alizeti kinaelea. Kipande cha dumu kinazama. Hiyo si njia ya kuoshea tani za plastiki, ni njia ya kujua mzigo uliofika mlangoni una nini ndani. Nailoni laini, ambayo nayo ni karibu 0.92, hubaki inasitasita katikati, lakini hiyo unaijua kwa kuishika tu. Viti ndivyo vinavyopotosha. Wengi wa wanaovitengeneza huongeza unga wa chokaa ndani ya polipropilini, na kikiwa na chokaa ya kutosha kipande cha kiti huzama hata kwenye maji.

PVC, plastiki ya mabomba ya maji, hatuivumilii hata kidogo. Kwenye joto letu la nyuzi 190 hadi 200 huanza kuharibika na kutoa gesi ya hidrojeni kloraidi, inayounguza mapafu ya anayesimamia mashine na kula chuma cha skrubu, ile parafujo kubwa inayosukuma uji ndani ya mashine. Kipimo chake ni waya wa shaba: unaupasha hadi uwe mwekundu, unaugusisha kwenye plastiki, unaurudisha motoni. Moto ukigeuka kijani, kuna klorini. Fanyia nje, upepo ukiwa nyuma yako. PET huyeyuka kwenye nyuzi 250 na zaidi, kwa hiyo kwetu inabaki punje ngumu ndani ya uji, na ufa hupenda kuanzia kwenye punje.

Tulipojua mchanganyiko wetu wa awali ulikuwa madumu na sandarusi karibu nusu kwa nusu, swali likawa kwa nini maganda yale yalibanduka hasa pembeni. Fundi wetu wa mashine, mtu ninayemheshimu kwa sikio lake (husikia skrubu inapozidiwa kabla ya mita kuonyesha), alikuwa na maoni yake.

“Mdogo wangu, ongeza moto. Uji ukiwa laini unachanganyika.”

“Kaka, ikilainika moja tu je?” nilimwuliza.

Tuliamua kujaribu badala ya kubishana. Tukapandisha joto kwenye kundi moja la nguzo na kuliacha jingine kama kawaida. Za moto zaidi zilibanduka vibaya zaidi, na tangu siku hiyo fundi ndiye anayewaeleza wageni sababu, kwa ufasaha kuliko mimi.

Sababu iko kwenye uzito wa uji, yaani jinsi unavyokataa kutiririka, si uzito wa kwenye mizani. Dumu hutengenezwa kwa kupulizwa, na plastiki ya kupulizwa lazima iwe na minyororo mirefu sana ili isidondoke kabla ya kupulizwa. Uji wake ni mzito. Sandarusi iliyokaa juani na kuyeyushwa upya ina minyororo iliyokatikakatika, kwa sababu polipropilini ikishambuliwa na jua au joto hukatika zaidi kuliko kuungana. Uji wake ni mwepesi, na ukiongeza moto unakuwa mwepesi zaidi. Uji mwepesi na uji mzito vikisukumwa kwenye njia moja, mwepesi hukimbilia ukutani, kwa sababu huko ndiko msuguano uliko. Hivyo kalibu inajivika ngozi ya polipropilini iliyochoka, ndani inabaki polithini, na kati yake ni ule mpaka usioshika. Utepe aliouvuta mzee kwa ukucha ulikuwa sandarusi.

Jambo la pili kwenye uzito wa uji ni ukubwa wa matone. Geoffrey Taylor wa Cambridge alichunguza katika miaka ya 1930 jinsi tone linavyovutwa na kukatwa na kimiminika kinachopita kando yake. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba tone lililo zito kuliko kinacholizunguka kwa zaidi ya mara nne hivi halikatiki kwa msuguano wa kawaida. Linazunguka tu mahali pake. Skrubu yetu ni ya kawaida, moja, haina vichanganyio vya ziada. Kwa hiyo vipande vya dumu ndani ya bahari ya sandarusi iliyochoka vilikuwa vinazungushwa hadi mlangoni bila kukatwa. Tulipogeuza, polithini nzito ikawa ndiyo nyingi na polipropilini nyepesi ikawa ndiyo chache, matone yalikatika madogo zaidi na uso wa mvunjiko ukabadilika. Tone dogo lina faida: pengo linalozaliwa pembeni mwake ni dogo pia, na ufa unapata shida kulitumia.

Halafu kuna kupoa. Nguzo ya mviringo nene ikitumbukizwa kwenye tangi la maji, ngozi yake huganda mara moja, lakini moyo wake hubaki uji kwa muda mrefu. Ndani ya moyo huo hakuna tena skrubu ya kukata matone. Yanakutana, yanaungana, yanakua. Wakati huohuo polithini inayoganda polepole hujipanga kwenye fuwele na kusinyaa, na kwa kuwa ngozi imekwisha kukaza, mahali pekee pa kusinyaa ni katikati, ndiyo maana ya vile vishimo. Nguzo moja, mapishi mamoja, lakini ndani na nje ni vitu viwili tofauti. Nikipima kipande cha pembeni peke yake nitawadanganya wakulima. Tulibadilisha kalibu, tukaacha umbo la mviringo na kuchukua umbo la alama ya kujumlisha, ili kusiwe na mahali palipo mbali na maji. Mashine sasa inaendelea kusukuma kwa muda baada ya kalibu kujaa, kufidia kusinyaa. Plastiki inayotumika imepungua pia, na mwenye karakana alilifurahia hilo kuliko yote niliyowahi kumweleza.

Yote hayo ni kupunguza ubaya wa mpaka. Kuuponya ni kazi nyingine, na inahitaji molekuli ya tatu. Kama mnyororo mmoja una sehemu ya polithini na sehemu ya polipropilini, utajilaza mpakani, kila sehemu ikizama upande unaopatana nayo. Ni sawa na mtoto wa ndoa ya koo mbili zilizokuwa hazitembeleani: kwa wajomba yuko kwao, kwa baba zake yuko kwao, na ukimvuta unazivuta koo zote mbili. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha kazi ya kundi la Geoffrey Coates wa Chuo Kikuu cha Cornell na Frank Bates wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani: walijenga minyororo yenye sehemu nne zinazopokezana za polithini na polipropilini, na kiasi cha asilimia 1 tu cha minyororo hiyo kiliugeuza mchanganyiko unaokatika kirahisi kuwa mgumu kukatika, unaorefuka sana. Nilipousoma utafiti huo nilikaa kimya kwa furaha, kisha nikakumbuka kwamba hatuna uwezo wa kuinunua molekuli ya namna hiyo na kuileta Kizota.

Tuna ndoo, hata hivyo. Polipropilini haiko ya aina moja. Ya sandarusi ni tupu, imara kuvutwa lakini kavu. Ya ndoo za rangi na makreti mengi hutengenezwa ili isipasuke ikianguka, kwa kuwekewa kiwandani mpira wa etilini na propilini, matone madogo sana ndani yake. Mpira huo una tabia ya pande zote mbili, na ukiyeyushwa pamoja na polithini sehemu yake husogea mpakani na kusaidia kushika. Hauwezi kulinganishwa na minyororo ya Cornell, lakini unakuja bure ndani ya ndoo iliyotupwa. Namna ya kuitambua ndoo hiyo haihitaji kifaa. Kata kipande, kikunje kwa vidole kwa nguvu. Kikipauka, kikawa cheupe kwenye kunjo bila kukatika, kina mpira: matone yake yamefunguka vitundu vidogo ndani na vitundu hivyo vinatawanya mwanga. Weupe huo ndio kazi ya mpira ikionekana kwa macho, maana kila kitundu kimemeza sehemu ya nguvu ambayo ingeukuza ufa. Kikikatika ghafla bila kupauka, ama hakina mpira ama jua limekwisha kukiharibu.

Tulipoziondoa sandarusi na kuweka ndoo zinazopauka kama robo ya mchanganyiko, iliyobaki ikiwa madumu, vipande vilivyochanjwa vilianza kustahimili nyundo. Sitaki kuongeza chumvi. Havikuwa sawa na dumu tupu. Lakini utepe wa pembeni haukubanduka tena kwa ukucha, hata kwa kisu ulikuwa unachanika pamoja na nyama yake.

Nisieleweke kwamba plastiki zisizochanganyika hazifai kamwe. Huko New Jersey, Thomas Nosker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rutgers walichanganya polithini ngumu na polistirini, jozi isiyopatana kabisa, wakatengeneza mbao za plastiki za kubebea mizigo mizito. Siri yao ilikuwa uwiano. Polistirini ikikaribia theluthi moja, kwa uzito wa uji unaofaa, haibaki matone. Inajiunga kuwa mtandao unaoendelea kutoka upande hadi upande, polithini nayo ikiwa mtandao wa pili, na mitandao miwili imefumana. Hapo hata mpaka usipogandana, huwezi kuutoa mmoja bila kuuvunja mwingine. Polistirini inatoa ugumu, polithini inazuia kukatika.

Tulijaribu kidogo kwa vikombe vya mtindi na makasha ya sidii, na ninaieleza kwa sababu ya njia ya kukagua, ambayo kila mtu anaweza kuitumia. Polistirini huyeyuka kwenye thina ya rangi, polithini haiyeyuki. Unakata kipande chembamba, unakipima uzito, unakiloweka kwenye thina ndani ya chupa iliyofungwa, mahali penye hewa na mbali na moto, unabadilisha thina mara kadhaa, kisha unakikausha na kukipima tena. Uzito ukibaki karibu uleule, polistirini ilikuwa matone yaliyofungiwa na thina haikuyafikia. Kipande kikisambaratika chote, polistirini ndiyo iliyokuwa bahari. Kikibaki na umbo lake huku kimepoteza karibu polistirini yote, umepata mitandao miwili. Mwalimu wa sekondari moja ya jirani alituruhusu kutazama vipande vilivyolowekwa kwa darubini ya maabara yake, na wanafunzi wake walipanga foleni kuona matundu. Kwetu mitandao ilitokea mara moja moja tu, kwa sababu madumu yanayoletwa hayana uzito mmoja wa uji, na uwiano unaofaa kwa mzigo huu haufai kwa mzigo ujao. Tumeiacha kwa sasa.

Jua ni somo lenyewe. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na anga yake huwa wazi kwa miezi mingi. Tunaweka masizi meusi ya viwandani, asilimia 2 hadi 2.5, yaliyosambazwa vizuri, na hiyo ndiyo kinga kubwa tuliyonayo dhidi ya miale. Rangi nyeusi lakini hupasha nguzo, na plastiki yenye joto iliyovutwa mfululizo hurefuka polepole hata kama mzigo hauongezeki. Nyuma ya karakana tumefunga nguzo zinazovutwa na waya wenye uzito, na alama ukutani ya kusoma kupinda kwake. Kinachoonekana ni kwamba kuuponya mpaka kunazuia kukatika, ila hakuzuii huku kulegea, kwa sababu kulegea kunatoka ndani ya polithini yenyewe. Ndiyo maana tunawaambia wakulima waziwazi: nguzo zetu ziweke katikati ya mstari. Mwisho wa mstari, ambapo waya wote unavuta upande mmoja, weka nguzo ya zege au chuma. Wapo wanaokasirika wakisikia hivyo kutoka kwa muuzaji. Heri wakasirike dukani.

Mabadiliko haya yote yalifika hadi kwenye bei. Ndoo zinazopauka tunazinunua kwa bei ya juu kuliko sandarusi, na madumu yaliyotengwa kwa bei ya juu kuliko mchanganyiko. Waokotaji walilipokea haraka kuliko nilivyotegemea. Mama mmoja anayeleta mzigo kutoka Majengo sasa hukunja kipande cha kila ndoo mwenyewe kabla ya kuipakia, na ni mara chache sana anakosea. Juzi alifika na kiroba cha vizibo vya chupa za maji na soda, rangi zote.

“Hivi navyo, mwanangu, vinakunjika lakini vingine vinapauka na vingine havipauki. Unavinunua kama ndoo au kama dumu?”

Vizibo vingine ni polithini ngumu, vingine ni polipropilini, na kwa macho havitofautiani. Nikamletea glasi ya alizeti, tukaanza kuvitupa kimoja kimoja.